Vitambaa vya Begani

Alhamisi, 12 Januari 2017

Wameungana tena. Jeshi la Nuru na Harakati ya Ahadi, makundi mawili ya wapiganaji wa mji wetu, kuanzia leo ni Umoja wa Safu. Ni muungano wa nne tangu nianze kuhesabu, na nilichelewa kuanza. Wamefyatua risasi hewani kwa furaha, tangi la maji la jirani likatoboka.

Wameniletea jora la kijani. Nishone vitambaa mia tatu vya kufunga begani, wapiganaji wajuane. Amri ni moja: mwenye kitambaa kama chako usimpige kabla ya kumwuliza jina. Malipo ni galoni mbili za mafuta ya jiko. Nimeshukuru, baridi ni kali.

Mwanangu Rateb yuko Nuru. Mkwe wangu Mudar yuko Ahadi. Leo wamekula supu ya dengu kwangu pamoja, mara ya kwanza tangu kiangazi.

“Shemeji, sasa hata supu ni ya umoja,” Mudar akatania.

“Umoja sawa, ila mkate wangu uache,” Rateb akajibu.

Hazar, binti yangu, mke wa Mudar, alicheka mpaka akashika tumbo. Mimba ina miezi saba.

Jumatatu, 16 Januari

Vitambaa vimekwisha, pindo mara mbili. Rateb na Mudar kila mmoja kachukua vya kwao. Ukuta wa duka la mkate umepakwa jina jipya juu ya jina la mwezi uliopita.

Ijumaa, 20 Januari

Umoja umekufa. Umeishi siku nane! Kisa ni kizuizi cha barabara ya magharibi, nani akisimamie. Khatibu wa msikiti wa juu, wa Nuru, kasema Ahadi ni wasaliti. Khatibu wa msikiti wa chini, wa Ahadi, kasema vivyo hivyo kuhusu Nuru. Nyumba yangu iko katikati, nimezisikia hotuba zote mbili.

Baada ya sala wakapigana. Wawili wamekufa. Kisha wakaacha, maana kijani kwa kijani hakuna aliyejua ampige nani.

Jumamosi, 21 Januari

Rateb alikuja asubuhi. Hakuketi. Wanataka rangi mpya, kwa siri, Jumanne iwe tayari.

“Na Mudar?” nikamwuliza.

Akaangalia cherehani. “Asitoke nyumbani siku hiyo, Mama. Basi.”

Adhuhuri akaja Mudar. Rangi mpya, siri, Jumanne. Akanibusu mkono kama kawaida yake. “Mama mkwe, mwambie Rateb augue siku hiyo. Homa, tumbo, chochote.”

Sikumwambia kwamba Rateb naye kaja na agizo hilohilo. Naogopa. Nimeandika, yatosha.

Jumapili, 22 Januari

Nina majora mawili, la manjano na la bluu. Vya Nuru nimekata manjano. Nikashika la bluu, nikaliweka chini. Vya Ahadi nimekata manjano pia. Bluu nimeificha kwenye pipa la ngano.

Wakinigundua watanifanya nini? Mimi ni mjane mwenye cherehani. Watafute fundi mwingine.

Jumanne, 24 Januari

Rateb alichukua furushi saa mbili, Mudar saa tatu. Hakuna aliyefungua. Nimefunga kwa fundo gumu makusudi.

Saa saba mlio wa bunduki barabara ya magharibi. Mwingi. Kisha kelele za watu, kisha kimya. Nikasema alhamdulillahi, wameulizana majina. Nikabandika chai.

Sasa hivi amegonga dereva wa gari la wagonjwa. Ana majeruhi mmoja, kitambaa cha manjano begani, uso umefungwa bandeji, hasemi. Hospitali ya Nuru haipokei mtu wa Ahadi, na ya Ahadi haipokei wa Nuru.

“Mama Rateb, hicho kitambaa ni kazi ya mkono wako. Manjano ni ya nani? Nimpeleke wapi?”

“Ya wote,” nikamjibu.

Alinitazama sana. “Basi njoo umwangalie. Labda utamjua kwa mikono.”

Rateb na Mudar wote bado hawajarudi. Nimemwambia anisubiri nivae koti. Amepiga honi mara mbili. Koti nimeshavaa, kalamu bado sijaiweka chini.