Uyoga Uliovunjika wa Yonezawa

Tsukuba, 6 Februari 2004

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje na theluji hii? Mimi mzima, ila achari ya figili imekwisha.

Nina ombi. Ule uyoga wako wa mwaka 1978, uliomo kisandukuni, nipe kipande kama punje ya mchele. Hapa maabara tunasoma vinasaba vya kuvu zinazonyonya kuvu nyingine, tujue nani ndugu ya nani. Siku zote umesema wako ulikuwa ukinyonya uyoga wa duara uliojificha ardhini. Wenzako wa chama cha wapenda uyoga wakasema ulikula mtoto wa nyenje, yule mdudu anayekulia ardhini. Vinasaba vitaamua.

Bintiyo,
Chiyuki

Yonezawa, 15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti halinyamazi, lakini linatembea. Achari nimetuma.

Uyoga, hapana. Ni huo mmoja tu. Miaka ishirini na sita naitwa Mkata Shingo kwa ajili yake: mchimba uyoga mzima, eti nikauvuta badala ya kufukua polepole kwa kibano, shina likakatika, chakula chake kikabaki udongoni. Na wewe unataka kuukata tena?

Baba yako

Yonezawa, 20 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Umenyamaza, nami nimenyamaza, na theluji imeyeyuka.

Jana Sugawara wa chama alikuja kunywa chai. Akaniuliza, "Mkata Shingo, mdudu wako bado hajaonekana?" Nikacheka naye. Alipoondoka nikachukua wembe. Kipande kimo humu. Ikiwa nilikosea, usiniandikie. Njoo uniambie tukiwa tunakula.

Baba yako

Tsukuba, 2 Julai

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Kaa chini kwanza.

Nimepima mara tatu nisije nikakuaibisha. Uyoga wako ni sawa kabisa na mmoja uliochimbwa Niigata mwaka jana, ukiwa bado umeng'ang'ania uyoga wa duara. Ndugu zao wa karibu ndio wanaokula nyenje, kwa hiyo Bwana Sugawara si mjinga. Lakini mwenye kweli ni wewe. Najivuna mpaka profesa ameniuliza kama nimechumbiwa.

Ila katika makala yangu, nilipofika pa kuandika ulivyopatikana, nikakumbuka viatu vyangu vyekundu vya mpira vya utotoni. Niliona kijiti cha njano kwenye majani, nikakivuta, nikakuletea. Ukasema, "Una macho mazuri." Ni mimi niliyeuvunja, Baba. Kwa nini hukuwaambia? Nataka kuandika ukweli.

Bintiyo,
Chiyuki

Yonezawa, 9 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima kuliko nilivyokuwa juzi. Barua yako nimemsomea Sugawara kwa simu, nusu ya kwanza tu. Akaomba achari.

Ningewaambia nini? Wangekucheka, usingerudi tena msituni. Kicheko nilikiweza mimi.

Andika ukweli, lakini uandike wote. Nakutumia kibandiko cha kisanduku. Mbele pana jina langu na neno "umevunjwa", ndipo waliposoma wao. Geuza. Niliandika jioni ileile: "Watu wazima kumi na wawili tuliupita. Aliyeuona ni Chiyuki, miaka sita."

Baba yako