Koti la Kinyozi na Ombi la Kuvunja Kanuni ya Kwanza

UMOJA WA VAZI LA PILI

Kumbukumbu za kikao cha 11, kilichofanyika Jumapili, tarehe 9 Machi, katika chumba cha nyuma cha duka la Mwenyekiti, kati ya cherehani mbili na meza ya pasi.

WALIOHUDHURIA
Mwenyekiti (fundi cherehani)
Nesi (mama wa mapacha)
Mama Vifungo (mpishi mstaafu)
Kinyozi
Katibu (karani wa shule, ndiye anayeandika)

ASIYEHUDHURIA KWA UDHURU
Mlinzi, yuko zamu.

ASIYEHUDHURIA BILA UDHURU
Mwalimu wa Hesabu. Inasemekana Ijumaa alionekana akitoka duka la nguo mpya, uso kaufunika kwa gazeti.

KUMB. NA. 1/11: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa 9:25 alasiri, baada ya kuwaomba wajumbe mara tatu waache kupekua lundo la nguo wakae. Alikumbusha kanuni ya kwanza ya Umoja: kwa mwaka mzima mjumbe hanunui nguo mpya. Avae alichookota kwenye balo la mitumba, alichobadilishana na mwenzake, au alichokishona upya mwenyewe. Alisema zimebaki wiki kumi na moja, na kwamba atakayeanguka sasa atakuwa ametuaibisha wote mtaani.

KUMB. NA. 2/11: UKAGUZI WA NGUO ZA MWEZI

Nesi alionyesha sketi ya kijani aliyoipata balo lilipofunguliwa alfajiri. Ilikaguliwa zipu, pindo na mishono, ikageuzwa ndani nje, ikapita. Alipoulizwa kama inaendana na nguo tatu alizo nazo nyumbani, kama kanuni inavyotaka, alitaja nne.

Mama Vifungo alionyesha gauni la harusi. Mwenyekiti aliuliza atalivaa wapi. Mama Vifungo alijibu kwamba halivai, amelinunua kwa ajili ya vifungo thelathini na viwili vya mgongoni. Nesi alisema huo si uvaaji endelevu, huo ni ugonjwa. Mama Vifungo alimwomba Nesi akumbuke ni nani aliyempa vifungo vya sare yake mwaka jana, tena bila kusimangwa. Kikao kilielekeza kitambaa cha gauni kiwe mapazia ya duka, na hoja ikafungwa kabla haijawa vita.

KUMB. NA. 3/11: KOTI LA KINYOZI

Mwenyekiti alieleza tukio la kikao kilichopita kwa faida ya kumbukumbu. Utaratibu wetu ni kwamba kikao kikiisha tunabadilishana nguo, na kilichowekwa juu ya meza ya pasi ni halali ya atakayewahi. Siku hiyo kulikuwa na joto. Kinyozi, ambaye alikuwa bado mgeni na huu utaratibu, alivua koti lake la kijivu akalilaza juu ya meza hiyo, akaenda kunywa maji.

Nesi aliliwahi.

Nesi alisema hakuiba, alifuata kanuni. Alisema alilifumua usiku uleule, na mapacha sasa wana vizibao viwili vizuri sana vya shule. Alipoombwa avitoe alivitoa kwenye mfuko, huku akisema hajawahi kunyang'anya watoto wake nguo mbele za watu. Kizibao kimoja kilikuwa na peremende iliyogandia mfukoni. Mikono ya koti ilikuwa mizima, maana aliipangia kuwa soksi za mtungi wa gesi. Alipoulizwa mtungi wa gesi unavaa soksi za nini, aliisukuma mikono hiyo kwa Mwenyekiti.

Kinyozi hakugombana. Alisema tu, "Dada Nesi, lile ndilo koti langu pekee, na Jumamosi nakwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu."

KUMB. NA. 4/11: OMBI LA KUNUNUA SUTI MPYA

Hapa Katibu alitangaza kwamba ana maslahi binafsi katika ajenda hii, kwa kuwa mchumba mwenyewe ndiye Katibu. Mwenyekiti alimtaka atoke nje. Ikabainika kuwa hakuna mwingine mwenye mwandiko unaosomeka, kwa hiyo Katibu alibaki kwa masharti ya kukaa kimya.

Kinyozi aliomba kibali cha kununua suti mpya, mara moja tu. Alieleza kwamba baba wa mchumba, mstaafu wa benki, ameshatamka mbele ya ndugu kuwa binti yake haolewi na mtu anayevaa jasho la watu. Alisema hana ugomvi na mzee, ila anampenda binti, na hataki kumkosa kwa sababu ya koti.

Nesi aliunga mkono, kwa haraka ambayo wajumbe waliielewa. Mama Vifungo alipinga. Alisema, "Miezi tisa tumevumilia kuchekwa, leo tukaogope mzee mmoja?" Mwenyekiti alisema anaweza kuliunga koti upya kwa siku nne. Mbele litakaa sawa. Nyuma patakuwa na ukanda wa kitambaa kingine kutoka shingoni hadi chini, kwa sababu Nesi alikata bila huruma. Alishauri Kinyozi aingie, akae, na akiaga atoke kinyumenyume.

Katibu alivunja masharti akasema. Aliomba iandikwe kwamba baba yake mwenyewe anavaa mtumba. Lile koti la kahawia analolivaa kwenye kila harusi na kila msiba, Katibu alilipata chini kabisa ya lundo miaka minne iliyopita, akamwambia baba ametoa dukani. Mwenyekiti alikohoa. Alikiri kwamba bitana na vifungo vya koti hilo alivibadilisha yeye. Mama Vifungo alikiri kwamba vifungo vilikuwa vyake.

Katibu alisema Jumamosi, kabla Kinyozi hajafungua mdomo, atamweleza baba ukweli wote, na tuone hayo majivuno yataishia wapi. Nesi alipiga makofi. Mama Vifungo alisema, "Mwambie, mwanangu, mwambie!" Hoja ilielekea kupita bila kupingwa.

Kinyozi alinyoosha mkono. Alisema, "Usimwambie." Alieleza kwamba humnyoa mzee kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, bila mzee kujua kinyozi huyu ni nani kwa binti yake. Mzee akija na koti lile hutembea wima na huongea na kila mtu; asipolivaa hukaa pembeni kimya, mtu aliyekwisha kustaafu. "Kama ili nikubaliwe ni lazima mzee avuliwe koti lake mbele ya watoto wake," alisema, "basi bora nikataliwe."

Kumbukumbu zina upungufu wa dakika mbili hivi hapa, kwa sababu Katibu hakuwa akiona karatasi vizuri.

Kinyozi aliondoa ombi lake la suti mpya.

KUMB. NA. 5/11: MAAZIMIO

Iliazimiwa kwamba:
(a) Mwenyekiti aliunge koti kabla ya Ijumaa, na ukanda wa nyuma usifichwe.
(b) Nesi afue peremende.
(c) Kinyozi akiulizwa koti lake limetoka wapi, aseme kweli. La mzee lisitajwe na yeyote, na ukurasa huu usisomwe nje ya chumba hiki.

KUMB. NA. 6/11: MENGINEYO

Mwenyekiti aliuliza kama kuna lolote. Katibu aliweka kalamu chini, akasimama. Alisema Jumamosi baba yake ataulizwa kwa heshima zote, na akikubali itakuwa furaha. Lakini huyu mwanaume ameshaulizwa leo, bila kujua, yeye ni mtu wa namna gani, na amejibu. Kwa hiyo Katibu naye anatoa jibu lake sasa, mbele ya mashahidi: ni ndiyo, hata mzee akikataa, hata Kinyozi akija na shati peke yake.

Mwenyekiti alisema jambo hilo halipigiwi kura. Wajumbe walinyoosha mikono hivyo hivyo. Kinyozi alinyoosha yote miwili.

Kikao kilivunjika saa 11:10 jioni. Hakuna aliyebadilishana nguo.

Mwenyekiti: ........................

Katibu: ........................