Gini na Wiki Niliyofunga Mdomo

Jumatatu, 18 Agosti

Kreti nane za zabibu kabla jua halijachoma. Mgongo kwisha. Halafu mkutano wa kikundi chetu cha kina mama, palepale shambani. Jumamosi mgeni anakuja kuona shamba, Mama Anahit, Mwarmenia, anatafuta zabibu za kununua. Miaka yote wageni nawatembeza mimi. Nawaonjesha mvinyo wetu, nawachekesha, wananunua. Leo Perpetua, yule mwalimu mstaafu, akasimama. "Mgeni wa kimataifa hapokelewi na mtu wa darasa la nne. Mama Seche ataosha glasi." Wakacheka. Na mimi mwenyewe Mama Seche nikacheka. Ugali wa usiku haukupita kooni. Atanikoma.

Jumanne, 19 Agosti

Mgeni kafika mjini kabla ya siku, kafikia kwangu mtaa wa Makole. Wameniletea kwa sababu nina choo cha ndani. Kwenye choo darasa la nne linatosha.

Nikamwambia "gudi moning", ndiyo niliyonayo. Akajibu, "Shikamoo, mama." Nikakaa chini. Kumbe kaishi Morogoro miaka mingi akifundisha kilimo. Kiswahili anacho, tena cha kumsengenyea mtu.

Nikashika simu niwaambie wenzangu. Nikaiweka. Perpetua hajui. Hajui mtu. Sijawahi kulala na habari bila kuitoa.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimempikia mlenda, kamaliza. Nikamuuliza mvinyo kwao unaitwaje. Gini. Ukisema ya mvinyo, ginu. Ukitoka kwenye mvinyo, ginuts. Kwa mvinyo, ginov. Ikiwa mingi, gininer. Sisi tunabadilisha mbele, mvinyo, mivinyo. Wao wanabadilisha nyuma, kama mkia wa mbuzi unavyocheza. Nimekariri nikiosha vyombo.

Anasema gini na mvinyo ni ndugu. Babu wao mmoja, wa zamani sana, alianzia na w. Kwao milimani ile w ikawa g. Tawi la pili likaenda kwa Walatini, Wareno wakalichukua, wakalishusha pwani yetu. Ndugu wamepotezana, wamekutana jikoni kwangu. Nilifurahi kweli.

Ndipo nikamwambia jambo moja. Kwamba mwalimu wetu kajiandaa Kiingereza wiki nzima, yeye mgeni akimjibu kwa Kiswahili atamvunja moyo. Akakubali, ana adabu huyu mama. Nilimwangalia usoni nikisema. Sikuona aibu.

Ijumaa, 22 Agosti

Perpetua kapita. "Mgeni anasemaje huko ndani?" Nikasema anacheka tu. Kanitazama miguu, akaenda zake. Mdomo unaniwasha. Kesho.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimeosha glasi ishirini. Perpetua kasuka, kavaa suti ya kijani. Kiingereza nusu saa, mgeni anaitikia kwa kichwa tu. Wakati wa kuonja nikauliza nimimine ipi. Perpetua akanigeukia, sauti hata hakupunguza. "Mpe ya lile pipa lililoanza kuchacha. Huyu atajua nini? Ile nzuri tuiweke, harusi ya mwanangu inakuja."

Nikamimina. Mama Anahit akanusa, akaweka glasi chini taratibu. "Mwalimu, na mimi naomba ile ya harusi."

Kina mama wakapasuka kwa kicheko, mmoja kakaa chini kabisa. Perpetua aliinama, akavua viatu. Nikamletea mgeni ile nzuri, nikasema gini, ginu, ginuts, ginov, gininer. Nikaeleza na ule undugu. Wakanipigia vigelegele. Perpetua aliondoka kwa mguu, viatu mkononi, analia.

Utamu wake siwezi kuuandika. Nimekula sahani mbili.

Jumatatu, 25 Agosti

Mama Anahit kaondoka jana. Kanikumbatia. Zabibu kaenda kununua kwa kikundi kingine, hakusema sababu na mimi sikumuuliza.

Mkutano asubuhi. Wamenirudishia kazi yangu ya wageni, wote mikono juu. Kreti zimejaa, hakuna wa kumuuzia. Lawama zote kwa Perpetua. Hakuja, wanasema anaumwa presha. Mmoja akauliza, "Lakini Mama Seche, siku nne na mgeni ndani, hukujua anajua Kiswahili?" Nikasema aliniongelesha kwa mikono, na ya gini alitafsiri kwa simu yake. Wakaamini.

Habari tamu kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na hakuna mtu hata mmoja wa kumpa.

Jioni nimevuna mstari wa mwisho peke yangu. Upepo kidogo. Nyuki wengi kwenye zile zabibu zilizopasuka.