Milamula Mbele ya Nyumba Yetu

Mpendwa Mama Koku,

Posta haifiki huko uliko, kwa hiyo nakuandikia wazi, asome atakayesoma. Naanza na majani yako, maana najua ndiyo ungeyaulizia kwanza, kabla ya mgongo wangu.

Yameanza kuharibika. Yale ya zambarau yenye ukingo wa kijani, uliyoyapanda kwenye debe la mafuta, yamerefuka yakawa vijiti, na juu yametoa vimaua vya bluu. Mimi nikafurahi, nikadhani mambo yanakwenda vizuri. Koku akaniambia, "Baba, hivyo Mama alikuwa akivikata. Yakitoa maua yanachoka." Nikamuuliza yanakatwa wapi. Hakujua. Anayejua ni mtu mmoja tu, nawe unamfahamu.

Nakumbuka siku yalipofika hapa. Koku alikuwa mdogo, alizaliwa mwaka wa Uhuru, na surua ilikuwa imemshika vibaya. Ukampeleka hospitali kule Rubya. Mimi nilibaki kwa sababu ulikuwa msimu wa kahawa na chama cha ushirika kilinihitaji kwenye mzani. Mliporudi, mtoto alikuwa mgongoni na mkononi ulikuwa na kifurushi cha jani la mgomba. Nilidhani ni dawa. Ulipokifungua nikaona vipande vya mashina na majani yenye rangi ambazo nilikuwa nimeziona kwenye vitenge tu. Ukasema umepewa na Ta Gaspari, mtunza bustani wa masista. Jina lake, pamoja na hiyo "Ta" ya heshima, ulilitaja kabla hujaniambia homa ya mtoto ilishuka lini. Huenda wewe ulisahau. Mimi sikusahau.

Kuanzia hapo, kila chombo kilichotoboka nyumbani kikawa chako. Sufuria la harusi yetu, karai, hata beseni la mama yangu. Ukapanga barazani majani kama ya magimbi yenye madoa mekundu, na chini ya dirisha yale yanayofanana na migomba midogo iliyoungua na jua. Nilikuuliza ni maua gani haya yasiyo na maua, ukacheka, ukasema majani ndiyo maua yenyewe. Nilipenda ulivyocheka. Kisha nikawaza kwamba maneno hayo si yako, umeyasikia mahali.

Na wewe hukukosa safari ya Rubya. Mtu wa ukoo akilazwa, wewe ndiye wa kwanza kujitolea kupeleka chakula. Ulirudi na jani jipya kila mara. Nililitazama kwenye kopo lake nikajua kwamba mtu amesimama karibu nawe akakuonyesha namna ya kulishika. Nilikwenda kupima kahawa ya watu.

Halafu ikaja milamula. Jioni moja nilirudi kutoka chamani nikakuta umepanda mstari wake, ile yenye michirizi ya njano, kuanzia pembe ya jiko mpaka njiani, kuzunguka bustani yako yote, ndani ya kibanja chetu, shamba la migomba la ukoo. Kwetu hata mtoto anajua mlamula ni nini. Ni mpaka. Ukiupanda umesema hapa ni kwangu, pale ni kwako, na anayeung'oa huitwa mbele ya wazee. Lakini wewe ulikulia Rwamishenye, kwenye viwanja vya mjini, nami nikajipa moyo kwamba hujui.

Kaka yangu Ishengoma hakunipa nafasi ya kujipa moyo. Alisimama njiani, akautazama mstari mwanzo hadi mwisho, akasema, "Mdogo wangu, mkeo ameshakigawa kibanja cha baba. Wewe umebakiziwa upande gani?" Akaenda kumwita balozi wa nyumba kumi.

Unamkumbuka balozi yule. Miaka ile kila kitu kilikuwa ujamaa, na asubuhi yenyewe sote tulikuwa tumetoka kulima shamba la kijiji kule rweya, kwenye nyika. Ishengoma alieleza habari za mpaka kwa urefu. Balozi akasema ardhi ni ya taifa, mpaka si shida yake, yeye anataka kujua kama majani haya yanaliwa. Ukamjibu kwa adabu kwamba hayaliwi, yanatazamwa, na kwamba mtu aliyetoka kulima rweya anahitaji kitu cha kutazama. Balozi akainama, akagusa jani moja. Akaagiza upande mchicha katikati yake, ili ripoti yake ikae vizuri. Ukaupanda ule mwekundu. Alipokuja kukagua hakuweza kuutofautisha na maua.

Usiku ule, jikoni, nilikuuliza, "Mama Koku, mpaka huu unamtenga nani?"

Ukaacha kumenya ndizi. "Mpaka gani? Ta Gaspari alisema unazuia kuku."

Nikamwambia Ishengoma kwamba ni wa kuku, uachwe. Lakini kuku walipita, Mama Koku. Walipita kila siku, na vifaranga vyao. Nikajua kwamba Gaspari ni mtu wa Muleba, mwenye mila kama zetu, anajua mlamula ni nini, na bado alimpa mke wangu mpaka. Miaka yote hiyo nilimchukia yeye, nikakuhurumia wewe uliyedanganywa.

Sasa umeondoka. Matanga yalipoisha Ishengoma alikuja na jembe, akasema mwenye kuku hayupo, mstari ung'olewe ardhi irudi kuwa moja. Nikamkatalia. Akaniuliza namlinda nani. Majani yenyewe yalikuwa yanakufa mbele ya macho yangu. Basi nikapanda basi mpaka Rubya.

Nilimkuta Gaspari amezeeka, amevaa koti lililochanika kwapani. Nilitaka awe mzuri wa sura ili nimchukie vizuri, hakuwa. Alinipa pole, akaniketisha kwenye ndoo iliyopinduliwa. Akaniambia kwamba siku ile ya surua alikukuta nyuma ya wodi unalia, hujui mtoto ataamka au la. Akakupa kopo la maji, akakuomba umsaidie kumwagilia. Ulimwagilia bustani nzima ukilia.

Kwangu hukulia. Kwangu ulikuja na kifurushi.

Nikamuuliza habari ya mlamula, kama alijua.

"Nani asiyejua?" akasema. "Naye alijua. Nilimwambia mwenyewe."

"Kwa nini basi ukampa?"

"Aliuomba. Alisema kibanja ni cha ukoo, nyumba ni ya ukoo, hata sufuria wanamwambia ni la ukoo. Alitaka apate mahali pake. Habari ya kuku aliitunga yeye, tulicheka sana."

Mlicheka sana. Njia nzima ya kurudi nilikuwa na neno hilo. Ningekupa mahali, Mama Koku. Sikujua kwamba huna. Yeye alijua, kwa sababu yeye ndiye uliyemwambia, nami nikabaki kuwafukuza kuku kwenye bustani yako ili uongo wako usionekane. Naona wivu hata sasa ninapoandika, na yule mzee hana hata meno ya mbele.

Niliposhuka kwenye basi sikuingia nyumbani. Nilipita kwa balozi, tukaenda pamoja kwa Ishengoma. Nikasema kwamba milamula ile ni mpaka, ilikuwa mpaka tangu siku ilipopandwa, na ndani yake ni kwa Mama Koku, na baada yake ni kwa Koku. Ishengoma alisema msichana hapewi ardhi ya ukoo. Nikamwambia basi aiite mipaka mingine yote ya kibanja hiki kuwa ni ya kuku. Balozi alicheka mpaka akakohoa. Ishengoma hajanisalimu tangu hapo, ila jembe lake halijarudi.

Gaspari nimemwita aje atufundishe kukata, mimi na Koku. Atakuja Jumamosi baada ya misa ya asubuhi, nami nitamwandalia chakula kama mgeni mwingine yeyote. Lakini nimemwambia asije na kisu. Yeye ataonyesha kwa kidole. Atakayekata ni mimi.

Lala salama, mwenye mahali pako.

Mumeo,
Baba Koku