Chale za Mama kwenye Negativu

Iyunga, Jumatano usiku, 1974

Mimi na usafi wangu huu. Picha ya mama yake Atupele niliipiga kwa mwanga wa karabai, ikatoka na chengachenga, uso kama umemwagiwa mchanga. Nikainamia negativu na penseli, nikiziba punje moja moja, mpaka uso ukawa laini.

Leo Atupele kaja kuichukua. Aliitazama, akapitisha kidole kwenye mashavu.

"Fundi, chale za mama ziko wapi?"

Nilizifuta nikidhani ni chengachenga. Mama yake tulimzika Jumapili, na picha yake ni hii moja tu.

Nikamwomba arudi kesho. Sasa nafuta penseli kwa pamba yenye tapentaini, polepole. Mchanga unarudi, na chale pia. Na mama yake Atupele anarudi nazo.