Funga Mlango Kwanza

2 Machi

Kwa kitinda mimba wangu,

Salamu nyingi. Sisi tu wazima. Goti la mama yako linapata nafuu, ila kliniki ya kila wiki bado inaendelea. Natumai nawe hujambo, na magari ya hapo karakanani hayajakumaliza nguvu.

Nina habari isiyopendeza. Juzi nilikuwa nakata kona kuingia getini kwetu, na gari la mikate lilikuwa limeshafika ubavuni pangu likitaka kunipita. Likaking'oa kioo cha pembeni cha upande wangu. Hakuna aliyeumia. Kioo kilibaki kikining'inia kwa nyaya zake kama jino la mtoto.

Dereva alishuka akasema sikuwasha indiketa. Nikasema niliwasha. Tulibishana mpaka majirani wakatoka. Ndipo nilipoamua kupima. Niliketi, nikawasha indiketa, nikashuka kuitazama ile taa ndogo iliyomo kwenye kioo. Ilikuwa ikimetameta bila kasoro, ingawa kioo chenyewe kimevunjika. Taa ikiwa nzima, aliyesahau ni mimi. Nikamwomba radhi mbele ya watu.

Unamkumbuka baba yako mkubwa. Alianza kwa kusahau mambo madogo kama hayo, akaishia kutomjua mkewe. Sitaki kusubiri mpaka nimgonge mtoto wa mtu. Ufunguo nimemkabidhi mama yako, naye ameuficha. Nitafutie mnunuzi wa gari. Kliniki tutaomba lifti kwa jirani.

Baba yako.


9 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Na Mama nampa shikamoo yake peke yake, asije akasema nimempunja. Mimi mzima, nimejaa grisi tu.

Mnunuzi sijamtafuta, wala sitamtafuta kabla hujanijibu swali moja. Ulipoitazama ile taa, mlango ulikuwa wazi au umefungwa?

Nakuuliza kwa sababu nyaya za kioo hupita ndani ya mpira ulio kati ya mlango na bodi, karibu na bawaba. Kila mlango unapofunguliwa, nyaya hukunjuka, unapofungwa, hukunjika. Miaka ikipita, waya mmoja hukatika ndani kwa ndani. Nimeshakutana na waya unaogusana mlango ukiwa wazi na kuachana ukifungwa. Na mtu aliyeshafika ubavuni mwako haoni taa ya mbele wala ya nyuma. Anategemea hiyo ya kwenye kioo tu.

Sisemi kwamba ndivyo ilivyo, Baba. Keti ndani, washa indiketa, funga mlango kabisa, Mama atazame akiwa nje. Taa ikiwaka, nitakubali kwamba ulisahau, na gari nitakuja kulichukua mwenyewe.

Nimetuma kioo kingine kwa basi. Kimetumika, lakini ni kizima. Fundi asikifunge kabla hamjapima.

Binti yako.


23 Machi

Baba,

Shikamoo. Kioo najua kimefika, kwa kuwa kondakta ameniambia mlikichukua. Jibu ndilo sijaliona. Kama mmepima na taa ikawaka, usinifiche. Niandikie hata mstari mmoja.

Binti yako.


27 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Sisi wazima, na leo nina sababu ya kulisema neno hilo kwa sauti.

Kwa kuchelewa, mlaumu mama yako. Nilipomwomba ufunguo alikwenda kabatini kwa madaha, akarudi mikono mitupu. Alikuwa amesahau alikouficha. Tulipekua magodoro, viatu, hata kopo la unga. Nikamwambia kwa upole kwamba huenda tulimnyang'anya ufunguo mtu asiye na kosa. Hakucheka. Hatimaye aliupata kabatini, chini ya rundo la bandeji zake za goti, mahali alipojua mimi siwezi kugusa.

Nikaketi, nikawasha, nikafunga mlango. Mama yako alisimama nje, mkono kiunoni. Nilidhani taa inawaka na anatafuta namna ya kuniambia. Nikashusha dirisha, nikamuuliza.

"Hamna kitu," akasema. "Giza tupu."

Nikafungua mlango kidogo. "Sasa inawaka." Nikafunga. "Imezima." Tulirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika, mwanangu, maana nilitaka kuendelea kulisikia neno hilo.

Fundi alibandua ubao wa ndani wa mlango, akafungua skrubu, akatoa kioo kilichovunjika. Kisha akauvuta ule mpira. Waya wa indiketa ulikuwa umekatika ndani yake, shaba imeota ukungu wa kijani. Akaunga kipande kirefu kidogo ili ukunjike bila kuvutika, akaufunika vizuri, ndipo akafunga kioo chako. Nilimzuia asiondoke mpaka tulipopima mlango ukiwa umefungwa.

Asubuhi yake nilimsimamisha dereva wa mikate, nikamweka ubavuni mwa gari, nikafunga mlango na kumuuliza anaona nini.

"Indiketa, mzee."

"Siku ile hukuiona."

"Sikuiona, haki ya Mungu."

"Nami niliiwasha."

Akaniangalia, akaangalia kioo, akanipa mkono. Alitaka kunipa na mkate. Nilikataa, mama yako akaupokea.

Habari ya mnunuzi, iache. Kesho ni siku ya kliniki na ninaendesha mimi. Ufunguo umo mfukoni mwangu, na mama yako haruhusiwi kuugusa.

Baba yako, dereva.