Zamzam na Aya ya Sita

Kakuma, Jumatano.

Bado sijui kama nilichokiona leo madrasani ni kuhifadhi Qur'ani au ni mchezo.

Ustadha Nasra, mwalimu kijana tuliyeletewa kutoka Lodwar, alimpa kila mtoto aya moja ya Suratul Adiyat, kisha akawachanganya uani wajipange wenyewe kwa mfuatano wa aya, kila aya na mahali pake. Vumbi, vicheko, kusukumana. Mmoja akanivuta kanzu: "Maalim, sogea, umesimama kwa aya ya tatu!"

Nilighadhibika. Lakini Zamzam, ambaye tangu Ramadhani hajapata kuivuka aya ya sita, aliisoma sura yote bila kosa.

Nikamwita jamvini, akae mbele yangu kama tulivyokaa sisi kwa walimu wetu. Akakwama palepale.

"Maalim, niache nisimame. Ya sita iko pale kwa mlango, mwenye nayo alisimama hapo. Nikiangalia, inakuja."

Akasimama, akamaliza.

Ijumaa wazazi watataka neno langu, Ustadha abaki au arudishwe Lodwar. Aya iliyokwisha kuingia moyoni yahitaji mlango wa nini? Na mimi niliyemkalisha Zamzam jamvini miezi yote hii, nilikuwa nikimfundisha, au...

Ustadha aliniuliza kama kesho waendelee. Nilimjibu wapunguze vicheko. Sasa ndipo ninapotambua kwamba sikumkataza.